Pikapu ya kuvuta tela la korosho Newala–Mtwara: Hilux inatosha au niende Land Cruiser?

Mtoto wa Kitangari

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaojua magari ya kuvuta. Nina tela la ekseli mbili lililochomelewa Masasi. Likiwa tupu mzani unasoma kilo 600. Msimu wa korosho litabeba magunia 25 kutoka vijijini hadi ghalani, na safari nyingine hadi Mtwara mjini kupitia Masasi na Mingoyo. Nje ya msimu litabeba simtanki la lita 2,000. Mbele yangu kuna magari manne, yote 4x4: Hilux ya zamani yenye injini ya 5L (ni jina la injini, si lita tano), Hilux Vigo 3.0, Ford Ranger 3.2 (zote tatu dabo kebini) na Land Cruiser 79 singo kebini yenye injini ya 1HZ. Nilipanga pia magunia 10 yakae kwenye bodi la pikapu. Tela halina breki, na aliyelichomelea anasema ukiwa na Land Cruiser hazina kazi. Ni kweli?

FundiSpringi

Si kweli, na tuanzie hapohapo. Pikapu karibu zote, hata hiyo Land Cruiser, watengenezaji wanaziruhusu kuvuta kilo 750 tu kama tela halina breki. Lako likiwa tupu limeshafika 600. Zile kilo 3,500 zinazotajwa kwenye matangazo ni za tela lenye breki zake.

Sasa hesabu. Gunia la korosho ghafi ni kama kilo 80, kwa hiyo magunia 25 ni kilo 2,000. Ongeza tela, unapata 2,600. Kati ya hizo, karibu asilimia 10 inatakiwa ilale kwenye pua (mkono wa mbele wa tela unaofungwa kwenye gari), yaani kilo 260 zinazokandamiza nyuma ya pikapu. Zikipungua sana, tela linaanza kutikisa mkia ukifika kilo­mita 70 kwa saa. Zikizidi, pikapu inakaa kama mbwa, taa zinamulika juu ya minazi na usukani unakuwa mwepesi.

Kilo 260 za pua hazifanani na kilo 260 za mzigo wa kwenye bodi. Zinaning'inia nyuma ya ekseli. Kama kichwa cha kuvutia kipo mita 1.2 nyuma ya ekseli, na gari lina mita 3.2 kati ya ekseli mbili, basi ekseli ya nyuma inapokea karibu kilo 357, na tairi za mbele zinapoteza karibu kilo 97. Weka juu yake magunia 10 (kilo 800), dereva na utingo: hakuna dabo kebini kwenye orodha yako inayobeba hayo kihalali. Yaweke matatu au manne, yaegemee ukuta wa kebini.

Mzee wa Difu

Nakazia. Watu wanauliza "itavuta?" wakati swali ni "itasimama?" Hata trekta dogo linavuta tani tatu. Kanuni ya kuanzia: tela likiwa na mzigo lisizidi uzito wa gari linalolivuta. Likizidi, kwenye kona ya mteremko tela ndilo linaloamua mnaelekea wapi.

Kwa magari uliyotaja:

5L, achana nayo kwa kazi hii. Ni injini ngumu, haina tabo (turbo), mafundi wote wanaijua, lakini nguvu yake ya kuzungusha haifiki nusu ya Ranger. Kwa tela la tani moja sawa. Kwa 2,600 utapanda kuelekea Newala kwa gia ya pili huku mshale wa joto ukipanda na wewe.

Vigo 3.0 (injini ya 1KD) ina Nm 343, hicho ndicho kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Kwa soko la Australia ilipewa kikomo cha kuvuta kati ya kilo 2,250 na 2,500 kutegemea toleo na gia, kwa hiyo 2,600 imeshapita. Ukiipenda, punguza magunia yawe 20: tela litakuwa na kilo 2,200. Kabla ya kulipa, fungua karteri ya oili uangalie chujio la pampu. Injini hii, washa (pete za kuzibia) za chini ya nozeli zikichoka, moshi wa mwako unapenya kwenye oili, masizi yanaziba chujio, oili haipandi, injini inakufa.

Ranger 3.2 ina Nm 470 na kikomo cha kilo 3,500. Ila soma namba ya pili: gari na tela kwa pamoja kilo 6,000, na gari lenyewe likijaa 3,200. Maana yake ukivuta 3,500 kamili, gari libaki na 2,500, na dabo kebini tupu inakaribia 2,200. Kwa tela la 2,600 uko ndani ya mstari. Shida yake ni spea. Ukikwama Mangaka au Liwale subiri basi la Dar.

Land Cruiser 79 yenye 1HZ ina Nm 285 tu, lakini chesisi, difu, springi na klachi zake zimetengenezwa kwa adhabu. Itavuta polepole na itarudi nyumbani. Usishawishiwe kuifungia tabo ya mtaani ili ipande haraka: 1HZ haikuundwa kwa tabo, joto la moshi likipanda silinda hedi inapasuka.

Nje ya orodha yako, tafuta Hilux 2.8 (1GD). Ya gia za mkono ina Nm 420, na otomatiki za kuanzia 2020 zina 500.

Chuma cha Nangurukuru

Mbona mnazunguka? Mzigo wa tani mbili na nusu ni Canter. Haina pua, haina kutikisa mkia, kurudi nyuma hata mtoto anaweza.

Mzee wa Difu

Kwa barabara ya Masasi–Mtwara uko sahihi kabisa, na kama kazi yote ingekuwa lami ningemwambia hivyohivyo. Tatizo ni mchanga wa huku juu Makonde. Canter ya kuvuta nyuma yenye tairi pacha inakanyaga upana ambao njia ya shamba haina, na mawe yanakaa katikati ya tairi. Faida nyingine: tela unaliacha kwenye chama cha ushirika lipakiwe, pikapu inaendelea na kazi nyingine.

Mwana Mikindani

Nizungumzie breki, maana hapo ndipo tela za kuchomelea zinapoua watu.

Kwa 2,600 funga breki za kusukuma kwenye ekseli zote mbili. Zinafanya kazi hivi: ukipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, kichwa cha pua kinateleza ndani, kinabana pampu ndogo, oili ya breki inakwenda kwenye ngoma za breki za tela. Ulaya mfumo huu unaruhusiwa hadi kilo 3,500, hivyo huhitaji breki za umeme za kuendesha kutoka kebini. Makosa ya kawaida ni mawili. Fundi anasahau kitufe cha kuzuia breki wakati wa kurudi nyuma, sasa kila ukirivasi tela linajifunga. Au kichwa hakipakwi grisi, kinashika kutu, breki zinabaki zimebana hadi ngoma inanuka.

Ongeza waya wa dharura: tela likichomoka, waya huo unavuta breki za tela kabla haujakatika. Na minyororo miwili, ipishanishwe chini ya pua kama X, ili pua ikidondoka ilale juu yake badala ya kuchimba lami.

Mteremko wa kutoka Newala kwenda Masasi: ingia na gia uliyopandia kabla hujaanza kushuka, si katikati. Breki kanyaga kwa nguvu kidogo, achia, acha zipoe, rudia. Ukikalia pedali muda wote, oili ya breki inachemka. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ila ikishanyonya unyevu inashuka hadi karibu 140. Huku pwani unyevu haukosi, kwa hiyo badilisha kila miaka miwili, au tumia DOT 4. Pedali ikianza kuzama hadi sakafuni, umechelewa.

Mtoto wa Kitangari

Asanteni sana wakuu. Breki nitafunga kabla ya kununua gari. Swali: hizo kilo 260 za pua nitazijuaje bila mzani mkubwa? Na tairi za tela ni 165R13C, zimeandikwa 94/92.

FundiSpringi

Tairi kwanza. 94 maana yake kilo 670 kwa tairi moja. Mara nne ni 2,680. Mzigo wako ni 2,600, na pua inabeba sehemu, kwa hiyo kwenye karatasi zinatosha. Barabarani hazitoshi. Ekseli mbili zisizo na mizani ya springi katikati (chuma kinachogawa uzito kati ya springi za mbele na za nyuma) hazigawani uzito: likipita tuta, ekseli moja inabeba karibu yote. Weka 185R14C za 102, kilo 850 kila moja, na rimu zilingane. Mwambie fundi apime pia upana wa tela. Tairi zake zikanyage mfereji uleule wa tairi za pikapu. Zikitofautiana hata sentimita 15, kwenye mchanga tela linachimba njia yake lenyewe na gari linavuta kama jembe. Kwenye mchanga shusha upepo hadi 22 au 25 PSI, weka 4L (4x4 ya gia nzito), bila kusimama. Beba pampu, ukirudi lami na upepo huo tairi inapasuka kwa joto.

Pua: kama chama chenu kina mzani wa chini wa kupimia magunia, lete tela lililopakiwa, simama sehemu tambarare, weka pua juu ya mzani kwenye kimo kilekile cha kichwa cha kuvutia cha pikapu. Soma. Ikizidi au kupungua, sogeza gunia. Kama kutoka katikati ya ekseli hadi puani ni mita 3.5, gunia moja la kilo 80 likisogezwa mbele mita moja linaongeza pua kama kilo 23. Anza na magunia 14 mbele ya mstari wa ekseli na 11 nyuma, halafu rekebisha.

Mwana Mikindani

Simtanki: lijaze kabisa au liache tupu. La plastiki halina kuta za ndani. Likiwa nusu, ukifunga breki tani nzima inakimbilia mbele na pua inapokea kishindo, ukiondoka maji yanarudi nyuma na pua inanyanyuka. Matangi mawili ya lita 1,000 ni bora, moja likiisha kabisa ndipo ufungue la pili. Anza kumwaga la nyuma.

Chuma cha Nangurukuru

Haya, nimekubali mchanga. Ila msimfiche karatasi. Tela linasajiliwa peke yake TRA na lina namba yake. Bima yake pia aulizie, asidhani ya gari inalifunika. Na sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito ya 2016 inaanzia kilo 3,500 kwa gari la mizigo. Pikapu ya kilo 2,200 na tela la 2,600 ni 4,800, usipite mzani kana kwamba uko na gari dogo.

Mtoto wa Kitangari

Basi naelekea Land Cruiser, magunia manne kwenye bodi, 25 kwenye tela. Nikague nini siku ya kuiona?

Mzee wa Difu

Ingia chini na tochi. Angalia chesisi nyuma ya kebini na juu ya ekseli ya nyuma: rangi iliyopasuka, welding mpya, au pengo la kebini na bodi lisilo sawa juu na chini ni dalili kwamba ilishapinda. Chuma cha kuvutia kifungwe kwa bolti kwenye chesisi pande zote mbili. Kikiwa kimechomelewa kwenye bampa, kitoe. Springi za nyuma zisiwe zimenyooka gari likiwa tupu. Klachi: gia ya nne, breki ya mkono, achia klachi polepole, injini isipozima, klachi imeisha na tela litaimaliza ndani ya wiki. Oili ya difu ichovye kwa kidole, isugue: ukiona chenga za chuma, punguza bei au ondoka.

Beringi za tela zipakwe grisi upya kabla ya msimu, na nati za tairi zikazwe tena baada ya kilomita 50 za kwanza. Tafuta penye kivuli usimame.