Stopu yangu ilikuwa inaishi kwenye laptopu, na laptopu ikaamua kujiapdeti

Wakuu, salamu tutapeana baadaye, leo nina hasira na nisipoandika hapa nitavunja kitu ambacho sina hela ya kukilipia.

Jumatatu hii nilikuwa na tredi moja tu. Moja. Hisa 500 nilizozichukua kwa dola 42.10, kama dakika arobaini baada ya soko la New York kufunguliwa, pale vurugu za saa 3:30 asubuhi zinapokuwa zimepungua na spredi, yaani pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, imebana. Jina la kampuni silitaji, yenyewe haina kosa. Bei ikawa inapanda kama mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani, inapiga hatua mbili inapumzika, inapiga tena, na mimi nimetulia, sijagusa kitu, wale wanaonijua wanajua kutogusa kitu kwangu ni kazi ngumu kuliko kutrade kwenyewe. Alasiri ikafika 43.65. Nikasema hii sio ya kuiacha irudi. Nikaiwekea stopu ya kufuata bei, senti 30 nyuma.

Kwa wageni: stopu ni oda ya kuuza yenyewe bei ikishuka mpaka pale ulipopanga, ili hasara isizidi. Ya kawaida unaiweka kwenye bei moja na inakaa hapohapo. Hii ya kufuata bei ikipanda na yenyewe inapanda, bei ikishuka yenyewe haishuki, inasubiri, bei ikiigusa inauza. Ndiyo maana watu wanaipenda, unapata kuinuka kwenye kiti. Na kwenye programu ya broka wangu, yaani kampuni ninayonunulia na kuuzia hisa, huwezi kuwa na oda mbili za kuuza hisa zilezile, kwa hiyo ile stopu yangu ya kawaida niliyokuwa nimeiweka 41.60 tangu asubuhi ilibidi niifute kwanza. Nikaifuta. Kumbukeni hapo.

Saa 9 na dakika kadhaa alasiri, saa za New York, nikaenda chooni. Ndiyo, treda naye ni binadamu. Sikumaliza dakika sita.

Narudi nakuta skrini ya buluu, vidoti vinazunguka, na maneno ya upole kabisa: Inasakinisha masasisho, 27%. Usizime kompyuta yako.

Aisee. Nilisimama pale kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango una kufuli jipya. Nikabonyeza keibodi, 27%. Nikatikisa mausi, 27%. Ikaruka 30 nikafurahi kama mjinga, ikakaa 30. Feni inanguruma utafikiri hiyo mashine inafanya kazi ya maana. Hakuna kitufe cha kusema subiri, hakuna cha kusema nina hisa 500 humo ndani, hakuna kitu, ni vidoti tu vinazunguka.

Nikakimbilia simu. Programu ya broka kwenye simu inaniambia toleo hili limepitwa na wakati, sasisha kwanza. KUAPDETI TENA. Nikaapdeti. Ilipomaliza ikawa imenitoa nje, inataka nywila, nikaweka, ikasema tumekutumia namba ya uthibitisho kwenye barua pepe, na hiyo barua pepe niliitenga na simu makusudi mwaka jana nikijiona mjanja wa usalama, inafunguka kwenye laptopu tu. Laptopu ipi? Ile yenye 30%. Nikapiga simu kwa broka, muziki, simu yako ni muhimu kwetu, muziki, simu yako ni muhimu kwetu. Nikiwa nimeweka spika nasikiliza huo muziki, kwenye kundi letu la matreda jamaa mmoja akaandika: hii kitu mnaiona inavyomwagika? Mwingine akaweka kikaragosi cha kucheka.

Ilikuwa hisa yangu.

Nilivyokuja kuangalia chati baadaye, bei ilipanda mpaka 43.90 nikiwa chooni, maana yake stopu yangu ilitakiwa iwe 43.60, ikatoka habari mbaya na bei ikaanza kuporomoka mshumaa mwekundu juu ya mwekundu, kwenye chati nyekundu ni kushuka. Mpaka naingia kwa kupitia brauza ya simu baada ya kubadilisha nywila ya barua pepe ilikuwa 41 na kitu. Nikauza kwa oda ya soko, yaani bei yoyote iliyopo, bila kuangalia, nikapata 41.12. Tredi iliyotakiwa kunipa faida ya dola 750 ikanipa hasara ya 490. Toka hapa mpaka pale ni dola 1,240, na hata ile stopu ya kizamani ya 41.60 niliyoifuta ingeniponya karibu nusu ya hiyo hasara ya 490.

Sasa sehemu inayoniuma zaidi sio apdeti. Nilifungua tiketi ya malalamiko kwa broka nikauliza swali rahisi: stopu ilikuwepo, bei ilipita kwenye stopu, mbona hamkuuza? Siku ya pili nikajibiwa kwamba wamepitia kumbukumbu zao, mifumo yao ilifanya kazi kama kawaida, na stopu ya kufuata bei "huendeshwa na programu iliyopo kwenye kifaa cha mteja." Kifaa cha mteja! Yaani muda wote huu mimi najua oda yangu imekaa kwenye seva zao, kwenye jengo lenye baridi na jenereta na walinzi, kumbe imekaa juu ya meza yangu kwenye laptopu yenye kava la keibodi lililong'oka herufi mbili. Programu ikizimwa stopu imekufa. Mtandao ukikatika, imekufa. Na kwenye skrini zinafanana! Rangi moja, mstari uleule wa vidoti, neno lilelile stopu. Ya kawaida inakaa kwao, ya kufuata bei inakaa kwako, tofauti imeandikwa kwenye ukurasa wa masharti ambao hata aliyeuandika sidhani kama aliwahi kurudi kuusoma. Wapo broka ambao stopu ya aina hii inakaa kwenye seva zao, kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Na msinielewe vibaya, sisemi stopu ya kwenye seva ni malaika. Stopu ikiguswa inageuka oda ya soko, inauza kwa bei yoyote itakayoikuta, basi. Waulizeni waliokuwepo tarehe 6 Mei 2010, soko la Marekani liliporomoka na kuinuka ndani ya kama nusu saa tu, Dow Jones, kile kipimo cha bei za hisa za makampuni makubwa ya Marekani, ikapoteza karibu pointi 1,000, na zipo hisa za makampuni makubwa zilizouzwa kwa senti moja kwa sababu stopu za watu zilikuta hakuna mnunuzi mwingine. Baadaye masoko yakafuta miamala iliyokuwa imepotoka kwa zaidi ya asilimia 60. Aliyeumia asilimia 50 je? Imekula kwake. Kwa hiyo najua hatari za stopu, nimezisoma, nimezikubali. Nilichokikataa ni kuambiwa nina stopu wakati sina.

Turudi kwa hii laptopu maana na yenyewe ina kesi. Hii mashine imenitesa mwaka mzima. RAM ni GB 8, na brauza peke yake inakula nusu yake, nikifungua programu ya chati na orodha ya hisa 60 na kundi la kuchat basi soko likifunguliwa tu inaanza kuhema. Nilishaifungua nikatoa vumbi kwenye feni, utando mzima kama blanketi la panya, nikapaka na grisi mpya ya joto kwenye prosesa, ikatulia wiki mbili. Kuna siku chati iliganda na mimi sikujua. Hii ndiyo mbaya kuliko zote nawaambia, skrini ikiwa nyeusi unajua una tatizo, lakini bei ikiganda unaona soko limetulia tu, unajisifia uvumilivu wako, kumbe bei unayoiangalia ni ya dakika nne zilizopita. Siku hizi naacha dirisha la miamala inayopita lifunguke pembeni, mistari ikiacha kutiririka nashtuka. Waifai nayo nilihangaika nayo miezi, inakatika kila saa fulani, kumbe masafa ya 2.4 GHz ndiyo hayohayo yanayotumiwa na oveni ya maikrowevu, mtu akipasha kitu mimi nakatika. Nikavuta kebo kutoka kwenye routa mpaka mezani, watu wanajikwaa kila siku, lakini hayo yakaisha.

Yaani nilishughulikia joto, nikashughulikia kebo, nikanunua hadi betri kubwa ya kushikilia umeme ukikatika. Ikabaki kitu kimoja tu duniani cha kunizimia kompyuta, nacho ni kompyuta yenyewe.

Halafu kuna jambo linanichekesha kwa uchungu. Agosti 1, 2012 kampuni ya Knight Capital, kampuni kubwa ya Marekani ya kununua na kuuza hisa, ilipoteza kama dola milioni 440 ndani ya dakika 45 hivi, kwa sababu walipoweka programu mpya kwenye seva nane, moja waliisahau, ikabaki na ya zamani ikaanza kununua na kuuza kama kichaa. Wao walizama kwa sababu ya apdeti iliyokosekana. Mimi nimezama kwa apdeti iliyokuja. Sasa tufanyeje?

Naomba mwenye kujua anijibu mambo mawili. Je, kuna mtu hapa amewahi kurudishiwa hata senti kwa kesi ya namna hii? Na je, kwenye programu zenu mnajuaje oda ipi inakaa kwao na ipi inakaa kwenu? Tafadhali wale wa "nunua mashine yenye monita sita" mpite kimya, monita sita zingenionyesha 27% mara sita.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Mkuu uliyesema nijaribu kwenye akaunti ya demo, ile ya pesa za kuigiza, niweke stopu halafu nichomoe kebo nione kama itauza bila mimi, shukrani sana, nimefanya leo. Ya kawaida imeuza huku laptopu haina mtandao. Ya kufuata bei imekaa tu inaniangalia, bei ikapita, nilivyorudisha kebo ndiyo ikashtuka na kuuza chini kabisa. Jaribio la dakika ishirini, bure, na mimi nimelifanya baada ya kulipa dola 1,240. Na uliyesema niweke stopu ya kawaida kisha niwe naisogeza mwenyewe kwa mkono kila bei ikipanda, ndicho ninachofanya tangu jana, inachosha lakini nalala.

Uliyesema "kwa nini uliondoka mezani" sikujibu.

NYONGEZA YA PILI: Kuna mdau ameniuliza swali moja tu, saa za kazi kwenye mipangilio ya apdeti umeziweka vipi? Nikamjibu kwa dharau kabisa kwamba nilishaziweka tangu Julai, kuanzia kabla soko halijafunguliwa mpaka linapofungwa saa 10 jioni ya New York, kwa hiyo laptopu hairuhusiwi kujizima humo katikati. Akanijibu neno moja: Novemba.

Nikaenda kuangalia. Jumapili ya kwanza ya Novemba Marekani wanarudisha saa nyuma, na kwetu saa hazibadiliki, kwa hiyo kuanzia Jumatatu ile ile soko kwa saa za kwangu linafunguliwa na kufungwa saa moja baadaye. Kufunguliwa nilikumbuka, tena nilijisifu kwenye kundi kwamba mwaka huu sikukaa mezani saa nzima nasubiri kama mwaka jana. Nilijiambia mimi, nikaiambia na kengele ya simu. Laptopu sikuiambia. Kwa hesabu zake soko lilikuwa limeshafungwa, saa za kazi zimeisha, imeona mausi haijaguswa dakika tano, ikaona huu ndio wakati mzuri wa kufanya yake.

Haya, hilo ni langu. Nimelimeza. Nimeshasogeza saa na nimeandika na karatasi ya Machi, Jumapili ya pili, nimeibandika chini ya monita.

Ila la kuhusu stopu silimezi, na tiketi nimeifungua upya, nimewaambatishia picha za skrini za zile stopu mbili zinazofanana kama pacha na nimewaomba wanionyeshe kwa kidole ni wapi imeandikwa kwamba moja ni ya kwao na nyingine ni ya kwangu. Hawajajibu hilo. Leo asubuhi wameniandikia wanauliza nimeridhika kiasi gani na huduma niliyopewa, nichague nyota kati ya moja na tano. Nimeiacha wazi hapa pembeni, naitazama.