Kuunganisha chuo moja kwa moja au kukaa mwaka mmoja kwanza?

Mdadisi: Wakuu, nimemaliza sekondari na njia ninazoziona ni tatu. Kuunganisha moja kwa moja. Kuomba chuo sasa, nikipata nafasi niombe kuahirisha hadi mwaka ujao. Au kutoomba kabisa, nifanye kazi kwanza. Mama anasema nipumzike, baba anasema akili ikipoa hairudi. Waliopitia, naombeni mawazo.

KalamuNyeusi: Kati ya ya pili na ya tatu sioni ubishi, chukua ya pili. Sasa hivi walimu wanakukumbuka na barua za mapendekezo zinapatikana. Ukichelewa utaanza kumsaka mwalimu aliyehama. Hata Harvard, pamoja na ugumu wa kuingia pale, huwahimiza waliopata nafasi wafikirie kuahirisha. Malia, binti wa Rais wa zamani Obama, alipumzika hivyo, akaanza pale 2017. Ila yeye ada haikumnyima usingizi, tusijisahau.

MamaWatatu: Hapo kwenye ada ndipo penyewe. Mwanangu, chuo kinaweza kukutunzia nafasi lakini ufadhili usikungoje. Marekani, kwa mfano, fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa ada wa serikali, hujazwa upya kila mwaka, na kipato cha wazazi kikibadilika msaada nao unaweza kubadilika. Waandikie uwaulize: nafasi inashikiliwa hadi lini? Malipo ya kuishikilia yanarudishwa? Ufadhili unabaki vilevile? Majibu yaje kwa maandishi. Ya kwenye simu hayana ushahidi.

FundiHesabu: Mimi niko upande wa baba. Nafundisha mwaka wa kwanza, na aliyekaa mwaka mzima bila kugusa daftari namjua mapema. Unampa swali dogo la logi (logarithimu), anakumbuka kwamba kanuni ipo, ila ilivyo haikumbuki. Anaandika, anafuta, anamchungulia jirani. Kwa fani za hesabu, unganisha.

KalamuNyeusi: Sawa mkuu, lakini si kila fani iko hivyo, na kupumzika si lazima kuwe kulala. Norway kuna shule za bweni ziitwazo folkehøgskole: kwa kawaida mwaka mmoja, hakuna mitihani wala maksi, unasoma muziki, milima, useremala, upendacho. Chuo kikuu cha Princeton, Marekani, nao walianzisha mwaka 2009 mpango wa kuwapeleka baadhi ya waliodahiliwa nchi za nje kujitolea kwa miezi tisa kabla ya kuanza masomo.

Mpitanjia: Kujitolea kuzuri, ila kuna mashirika yanayokutoza wewe ndio ukafanye kazi! Soma mkataba. Lingine: ukiahirisha, usijisajili masomo ya shahada chuo kingine bila kuuliza. Vyuo vingi vinaweza kukufutia nafasi, au kukuhesabu kama mwanafunzi wa kuhamia. Na kama umefanya TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza, matokeo hudumu miaka 2 tu, piga hesabu.

Mdadisi: Asanteni sana. MamaWatatu, barua naiandika leo. Fani ni uhandisi wa umeme, kwa hiyo Fundi umenishika pabaya. Bado naelekea ya pili. Nikiahirisha, nishike mada zipi?

FundiHesabu: Aljebra, logi, trigonometria. Nusu saa kila jioni, kwa kalamu na karatasi, video peke yake hazitoshi. Kalkulasi isubiri mpaka hizo tatu uzifanye bila kuchungulia majibu.