Orodha ya makala ya mtafiti wa jenomu isomwe vipi?

Chipukizi ameuliza:

Wakuu, salamu kwenu nyote. Ninaomba msaada wa mawazo katika jambo nililolitafakari kwa majuma kadhaa bila kupata jibu. Ninatafuta msimamizi wa masomo ya uzamivu katika fani ya jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, na katika majina mengi niliyoanza nayo nimebakiwa na mawili. Mtafiti wa kwanza ana makala zaidi ya mia mbili, nyingi zikiwa katika majarida ambayo kila mwanasayansi anatamani kuchapisha humo, na amenukuliwa mara nyingi kiasi kwamba mwanzoni nilidhani tovuti imekosea kuhesabu. Wa pili ana makala zisizofika arobaini, na ukimlinganisha na mwenzake amenukuliwa mara chache, lakini jina lake huwa la kwanza au la mwisho karibu katika kila makala.

Nilipoanza kuzifungua makala za yule wa kwanza moja baada ya nyingine, niliona kwamba katika nyingi jina lake limezama katikati ya orodha ya waandishi mia mbili au mia tatu. Katika baadhi halionekani kabisa chini ya kichwa cha makala, bali limeandikwa kwenye kurasa za mwisho kwa herufi ndogo, chini ya jina la muungano wa watafiti. Je, makala ya namna hiyo tuihesabu kuwa ni yake? Na washirika wake, ambao wametawanyika katika nchi nyingi, wananiambia nini juu ya mtu nitakayefanya naye kazi kwa miaka minne au zaidi? Sitaki kumdhulumu mtu kwa kuidharau kazi aliyoitolea jasho, wala sitaki kuingia katika maabara kwa kuvutwa na hesabu nisizozielewa.

Mkongwe wa Maabara amejibu:

Ndugu Chipukizi, umefanya vema kuuliza kabla hujatia saini popote. Nimefanya kazi ya maabara katika fani hii kwa miaka mingi, na swali la nani hasa aliyeifanya kazi nimelibeba moyoni muda wote huo.

Katika sayansi za uhai, desturi ni kwamba jina la kwanza ni la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yenyewe, mara nyingi mwanafunzi au mtafiti kijana, na jina la mwisho ni la kiongozi wa maabara, ambaye alitafuta ruzuku, akaisimamia kazi na kubeba dhamana ya yote yaliyoandikwa. Walio katikati ndio wenye utata, na katika fani yetu katikati pamejaa watu kwa sababu ya msingi kabisa, nayo ni kwamba jenomu ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni tatu. Mradi wa Jenomu ya Binadamu, ulioanza mwaka 1990 na kutangazwa kukamilika mwaka 2003, uligawanywa kwa vituo 20 katika nchi sita, yaani Marekani, Uingereza, Japani, Ufaransa, Ujerumani na China, na rasimu ya kwanza iliyochapishwa katika jarida la Nature mwezi Februari 2001 ilitolewa kwa jina la muungano huo wote.

Baadaye ikaja sababu ya pili, ambayo ni ya kitakwimu. Mabadiliko mengi ya DNA yanayohusiana na maradhi ya kawaida huongeza hatari kwa kiasi kidogo mno, hivyo ukiwa na wagonjwa mia tano huoni kitu. Mwaka 2007 muungano wa watafiti uliofadhiliwa na Wellcome Trust, shirika la hisani la Uingereza linalogharamia utafiti wa afya, ulichapisha uchunguzi wa magonjwa saba, kila ugonjwa ukiwa na wagonjwa wapatao 2,000, wakilinganishwa na kundi moja la watu 3,000 wasio wagonjwa. Walipata ishara 24 zilizo imara, tisa kati ya hizo zikiwa za ugonjwa wa Crohn, ambao ni uvimbe sugu wa utumbo, lakini kwa shinikizo la damu hawakupata hata moja. Mwaka 2011 muungano mwingine ulikusanya takwimu za watu wapatao 200,000, na hapo ndipo sehemu 16 mpya za jenomu zinazohusiana na shinikizo la damu zilipoonekana. Hakuna maabara moja inayoweza kupata watu 200,000. Kwa hiyo msomaji anayeona majina mamia asikimbilie kudhani kuwa watu wamejipachika, kwa maana bila mamia hayo jibu lenyewe lisingekuwepo.

Ila wapo pia waliojipachika, na ninalisema hili kwa uchungu. Niliwahi kukaa miaka miwili nikisafisha DNA ya maelfu ya sampuli kwa ajili ya mradi mmoja mkubwa. Siku moja matokeo yalionesha kwamba sampuli kadhaa zilizoandikwa kuwa za wanawake zina kromosomu Y, ambayo kwa kawaida ni ya wanaume. Tulitafuta kosa kwa majuma matatu, tukipekua daftari baada ya daftari, hadi tukagundua kwamba sahani moja yenye visima 96 ilikuwa imegeuzwa ilipoingizwa kwenye mashine, hivyo sampuli ya kona ya juu kushoto ilisomwa kama ya kona ya chini kulia, na nyingine zote zikabadilishana nafasi kwa mtindo huohuo. Kama tusingeligundua hilo, sehemu ile ya utafiti ingeharibika. Jina langu liko katika kiambatisho cha makala hiyo, na mistari michache chini yake liko jina la mtu ambaye sikuwahi kumsikia katika mkutano wowote wala kuona barua yake. Anayeangalia orodha tu hawezi kututofautisha.

Kinachoweza kukusaidia ni aya ndogo iliyo karibu na mwisho wa makala, inayoeleza michango ya waandishi. Majarida mengi siku hizi huitaka, na baadhi hufuata mpango wa CRediT wenye majukumu 14, kuanzia kubuni wazo, kukusanya data, kuchambua, kuandika programu, hadi kusimamia na kutafuta fedha. Tafuta herufi za mwanzo za jina la mtafiti wako humo. Ikiwa katika makala ishirini herufi zake zinaonekana tu mahali panaposema "waandishi wote waliipitia na kuikubali rasimu", umepata jibu. Ikiwa zinajitokeza tena na tena kwenye uchambuzi au kwenye ubunifu wa utafiti, basi huyo ni mtu wa kazi hata akiwa wa mia moja na arobaini katika orodha.

Mchambuzi wa Data amejibu:

Ninakubaliana na Dada Mkongwe, na ninaongeza upande wa hesabu, kwa kuwa ndiyo iliyokutisha.

Tovuti nyingi zitakuonesha faharasa ya h, ambayo mwanafizikia Jorge Hirsch aliipendekeza mwaka 2005. Mtafiti mwenye h ya 50 ana makala 50 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 50. Kipimo hiki hakijali nafasi ya jina wala idadi ya waandishi. Mwaka 2015 ilichapishwa makala kuhusu jenomu ya nzi wa matunda yenye waandishi 1,014, zaidi ya 900 wakiwa wanafunzi wa shahada ya kwanza waliozikagua na kuzisahihisha jeni kwa mikono yao wenyewe katika masomo yao. Kazi yao ilikuwa halali kabisa, na mimi ninaiheshimu, lakini katika faharasa ya h kila mmoja wao anapata sifa ileile anayoipata kiongozi aliyeuongoza mradi huo kwa miaka. Mtafiti aliyeingia katika miungano mitano mikubwa atakuwa na h ya kutisha hata kama hajawahi kuongoza utafiti wake mwenyewe. Vilevile makala za zana hunukuliwa kuliko makala za ugunduzi. Makala ya mwaka 1990 iliyoitambulisha programu ya BLAST, inayolinganisha mifuatano ya DNA au protini, imenukuliwa maelfu kwa maelfu ya mara kwa sababu kila anayeitumia hana budi kuitaja.

Kabla hujahesabu chochote, hakikisha kwamba unamhesabu mtu mmoja. Majina ya ukoo yanayofanana pamoja na herufi moja ya jina la kwanza huunganishwa na mashine bila huruma. Nimewahi kuona wasifu uliomchanganya mtaalamu wa jenomu za bakteria na daktari wa meno, na hakuna kati yao aliyekuwa na habari. Tumia nambari yake ya ORCID, ile ya kumtambulisha mtafiti yenye tarakimu 16, kama anayo. Angalia pia kama makala tangulizi iliyowekwa bioRxiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala ambazo bado hazijachapishwa jaridani, na ileile iliyochapishwa baadaye jaridani zimehesabiwa kuwa mbili.

Mimi binafsi nikitaka kumjua mtafiti wa jenomu, huacha makala na kwenda kwenye data zake. Tangu makubaliano ya Bermuda ya mwaka 1996, ambapo vituo vya Mradi wa Jenomu ya Binadamu vilikubali kuiweka mifuatano hadharani ndani ya saa 24, fani hii imejengwa juu ya kugawana. Chukua nambari ya hifadhi ya data iliyotajwa katika makala, itafute katika hifadhi hiyo mtandaoni, kisha uone kama data zipo kweli, kama zimeelezwa vizuri, na kama programu ya uchambuzi imeambatishwa. Fungua na majedwali ya nyongeza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 uligundua kwamba takriban makala moja kati ya tano zenye orodha za jeni katika faili za Excel zilikuwa na majina ya jeni yaliyogeuzwa kuwa tarehe, na tatizo hilo lilisumbua kiasi kwamba jeni SEPT1, ambayo Excel huisoma kama tarehe 1 Septemba, imepewa jina jipya, SEPTIN1. Maabara inayokagua majedwali yake kwa makini itakufundisha nawe ukague.

Chipukizi ameandika tena:

Ninawashukuru sana. Nimekesha nikifanya mlivyoelekeza. Katika makala zaidi ya mia mbili za mtafiti wa kwanza, zile ambazo jina lake ni la kwanza au la mwisho ni kama thelathini tu, lakini katika zilizobaki herufi zake zinaonekana mara nyingi kwenye uchambuzi wa takwimu, tena takribani kwa mbinu ileile moja. Sikuwa nimelitambua hilo. Yule wa pili data zake zote nimezikuta mahali aliposema zipo. Bado sijaelewa niwasome vipi washirika wao.

Mratibu wa Miradi amejibu:

Ndugu Chipukizi, hilo la mbinu moja kujirudia ni ugunduzi mzuri. Huyo anaitwa na miungano kwa sababu ya ujuzi wake mahususi, na kama ujuzi huo ndio unaoutaka, idadi yake ya makala ina maana kwako kuliko ulivyodhani juzi.

Kuhusu washirika, usihesabu nchi. Tazama nani anarudi. Mtu aliyeandika na maabara ileile mwaka 2012, kisha 2016, kisha 2021, ni mtu ambaye wenzake wanakubali kufanya naye kazi baada ya kumjua. Anayebadilisha washirika kila mradi, na hakuna anayerudi, nitamuuliza kwa nini.

Kisha tazama kazi imegawanywaje. Kwa muda mrefu mno, katika tafiti za jenomu zilizohusisha Afrika, sampuli zilitoka kwa watu wetu, uchambuzi ukafanyika mbali, na madaktari na wauguzi waliozikusanya wakaishia katikati ya orodha au katika shukrani. Mpango wa H3Africa wa utafiti wa jenomu na afya barani Afrika, uliofadhiliwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani pamoja na Wellcome Trust, uliundwa ili kuugeuza mtindo huo. Mwaka 2020 makala yake katika Nature ilichambua jenomu za watu 426 kutoka makundi 50 ya kilugha na kikabila, ikaonesha zaidi ya tofauti milioni tatu za DNA ambazo hazikuwa zimeelezwa kabla, na mwandishi wake wa kwanza alikuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Basi katika makala za watafiti wako wote wawili, angalia waliotoa sampuli wamewekwa wapi, na kama baada ya miaka michache baadhi yao wamepanda wakawa waandishi wa kwanza au wa mwisho. Jambo hilo halitokei kwa bahati. Kuna mtu aliyeamua kuwapisha.

Mwisho, chukua zile makala thelathini na uandike majina ya waandishi wa kwanza. Tafuta kila mmoja yuko wapi leo na anafanya nini, halafu waandikie watatu au wanne kwa adabu, uwaulize ilichukua muda gani kutoka rasimu ya kwanza hadi kuchapishwa, na nani aliyeamua mpangilio wa majina.

Chipukizi ameandika tena:

Nimewaandikia wanne leo asubuhi, wawili kutoka kila upande. Mmoja wa wanafunzi wa zamani wa yule wa pili amenijibu tayari, na ameniambia kwamba mpangilio wa majina ulikubaliwa katika kikao cha kwanza kabisa, kabla sampuli hata moja haijasomwa, kisha ukaandikwa kwenye daftari la maabara ambalo kila mmoja aliweza kulifungua. Ninasubiri majibu ya wengine watatu kabla sijaamua.