Tupeane uzoefu: gari lako lilikupa dalili gani kabla ya kuchemsha?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba uzi huu tuutumie kukusanya yaliyotukuta wenyewe, si yanayosimuliwa vijiweni, kuhusu gari kuchemsha. Nimechagua tatizo hili moja kwa sababu ndilo linaloharibu injini ambazo zingeweza kutumika miaka mingi zaidi, na kwa sababu mara nyingi gari huanza kulalamika mapema kabla ya siku ile linapotoa mvuke barabarani.

Naanza na langu. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ilikuwa ikipungua taratibu kwenye chupa ya akiba, lakini chini ya gari hapakuwa na tone hata moja. Asubuhi moja, kabla ya kuliwasha, nilimulika tochi upande wa mikanda nikaona ukoko wenye wekundu uliofifia, umeganda chini ya pampu ya maji. Niliufuta kwa kitambaa, na baada ya siku chache ukawa umerudi palepale. Pampu hizi huwa na kitundu kidogo chini ya ekseli yake, ambacho watengenezaji wamekiweka makusudi ili sili ya ndani ikianza kuchoka, maji yatokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Kulanti inayotoka kidogo hukaukia kwenye chuma chenye joto, ndiyo maana huoni tone sakafuni. Fundi wa kwanza alishauri tupake gundi. Nilikataa, nikabadilisha pampu pamoja na mkanda wake, kwa kuwa kazi ya kuufungua ilikuwa ni ileile.

Karibuni.

Mchangiaji (Iringa)

Asante mleta mada. Langu lilikuwa halina shida yoyote mjini. Mshale wa joto ulitulia katikati hata kwenye foleni, lakini kila nilipotoka Ruaha Mbuyuni na kuanza kuupanda mlima Kitonga nyuma ya malori yanayotambaa, mshale nao ulianza kupanda, na nilipofika Ilula ulikuwa unarudi chini wenyewe. Gereji ya kwanza ilinibadilishia feni, na safari iliyofuata mambo yakawa yaleyale, jambo ambalo sasa nalielewa: kama feni ingekuwa mbovu, gari lingesumbua kwanza likiwa limesimama.

Fundi wa pili, mzee mmoja mtulivu, aliliacha gari liungurume hadi lipate joto, akazima, akafunga feni isijiwashe, kisha akapitisha kiganja taratibu mbele ya rejeta kutoka upande mmoja hadi mwingine. Aliniambia nami nifanye hivyo. Juu palikuwa na joto kali, lakini sehemu kubwa ya chini, karibu na kona, ilikuwa vuguvugu tu, maana yake maji hayapiti humo. Tulipoifungua tulikuta mirija imeziba kwa magadi na kutu, kama birika la chai lililochemshia maji ya kisima kwa miaka. Mwenye gari aliyenitangulia alikuwa akijaza maji matupu. Injini ikiwa haina mzigo, mirija iliyobaki wazi ilitosha, mlimani haikutosha.

Mchangiaji (Mombasa)

Salaam ndugu zangu. Yangu ni kinyume cha huyo wa Iringa. Njia kuu ya kwenda Voi gari lilikuwa shwari kabisa, ila kwenye foleni ya feri ya Likoni ndipo joto lilipopanda. Dalili iliyotangulia sikuihusisha na injini hata kidogo: kiyoyozi kilikuwa kikitoa baridi nzuri nikiwa mwendoni, na nikisimama kinatoa hewa ya vuguvugu. Fundi wa kiyoyozi alitaka kuongeza gesi. Kumbe gesi ilikuwa sawa, ila feni haizunguki, na ukienda mbio upepo wa barabarani ndio unaofanya kazi yake. Ilikuwa rilei tu, yaani swichi ya umeme inayoiwasha feni, kitu cha bei ndogo sana. Kwa hiyo mtu akiniambia gari lake linachemka, swali langu la kwanza ni: likisimama, au likipanda?

Mchangiaji (fundi, Tabata)

Swali la ndugu wa Mombasa ndilo ninalowauliza wateja kabla ya kufungua boneti. Niongeze machache kutoka kazini.

Kifuniko cha rejeta si kizibo tu. Vingi vya magari ya Kijapani vimeandikwa 0.9 au 1.1, na namba hiyo ni mgandamizo kinachouhimili. Kwa mgandamizo unaokaribia baa 1 juu ya ule wa kawaida, maji yanafika takriban nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Ndiyo maana ukikifungua injini ikiwa ya moto, maji yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Raba yake ikichoka, gari linaweza kuchemsha ilhali kila kitu kingine ni kizima, na watu hubadilisha rejeta nzima kwa sababu ya kifuniko.

La pili, msiuamini mshale peke yake. Kihisi cha joto kimetengenezwa kikae ndani ya maji, kwa hiyo maji yakiisha kabisa kinabaki hewani, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Ukiona umepanda kisha umeshuka ghafla bila sababu, na hita inatoa hewa baridi, zima gari hapohapo. Ukiona unapanda tu na hakuna mvuke, zima kiyoyozi na uwashe hita hadi mwisho. Utatokwa jasho, lakini joto la injini litapungua wakati unatafuta pa kuegesha. Na usimwagie maji baridi injini iliyoungua, kwa maana silinda hedi ya aluminiamu, yaani kichwa cha injini, inapinda.

Mchangiaji (Arusha)

Fundi, shikamoo. Gari langu ni dogo, halina mshale. Lina taa ya bluu ya injini baridi na nyekundu ya joto kali. Nilipolinunua, asubuhi za Juni taa ya bluu ilichelewa mno kuzima, na mara nyingine iliwaka tena nikiwa njiani kuelekea Usa River, huku mafuta yakiisha upesi. Nilipolipeleka gereji, ilifunguliwa nyumba ya themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, ikakutwa tupu. Je, aliyeitoa alikuwa na nia gani?

Mchangiaji (fundi, Tabata)

Marahaba, dada. Huwa inatolewa gari linapochemsha na mwenyewe hataki kutafuta chanzo. Bila themostati, maji yanazunguka muda wote, injini haifikii joto lake, na kompyuta yake inaendelea kumwaga petroli kama vile gari limewashwa sasa hivi. Rudisha themostati mpya, lakini jiandae, kwani ugonjwa uliofichwa unaweza kujitokeza. Kabla ya hapo, asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha, minya hozi kubwa ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu wakati injini imepoa kabisa, mgandamizo wa silinda unavuja kuingia kwenye maji, na gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, ndiyo ya kushukiwa. Ikiwa laini, anza na kifuniko na rejeta.

Mchangiaji (Arusha)

Nimeiminya leo alfajiri, ni laini. Jumamosi nafunga themostati na kifuniko kipya kwa pamoja, nitaleta mrejesho.