Tanga: Fundi kachonga bloku ya Land Rover yangu kabla ya kuona pistoni. Nani alipe?

Wakuu salaam, ingawa leo salaam zenyewe sina nyingi.

Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, ya 1978, kaniachia mzee. Kabla yake ilibeba watu shamba la mkonge huko njia ya Muheza. Mwaka jana ikaanza kula oili, moshi wa bluu nyuma, kilima kidogo tu inaomba gia ya pili. Nikajibana nikapata milioni moja na laki tano za ovahoo. Mimi mwalimu, mjue hizo pesa zimetokaje.

Fundi hapa Ngamiani akafungua injini, akasema wiki mbili. Tanga tunajisifu waja leo waondoka leo. Yangu imekuja, huu ni mwezi wa nne haijaondoka, na kuku wa jirani anatagia kiti cha nyuma.

Sasa sikieni. Silinda ya injini hii (cc 2286) ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 90.47. Ikilika unaichonga na kuweka pistoni za ovasaizi, 020 au 040, yaani pana zaidi kwa sehemu 20 au 40 za elfu moja ya inchi. Unatafuta pistoni kwanza, unazipima kwa maikromita, ndipo bloku (chuma chenye silinda zote nne) inachongwa kuzifuata. Fundi cherehani wa sokoni ananipima kiuno kabla hajashika mkasi!

Huyu wangu kaipeleka bloku kwa mchongaji mimi nikiwa darasani, ichongwe foti, yaani 040. "Bosi, zilikuwa zimelika sana, nikaona twende foti moja kwa moja tusirudie." Tusirudie! Wiki iliyofuata boksi la pistoni likafika kutoka Dar, limeandikwa 040, nikalipa laki sita na nusu. Kufungua, pistoni zote nne zimepigwa 020 kichwani. Nikasugua kwa kidole nikidhani ni uchafu.

Tofauti ni nusu milimita. Humo ndani nusu milimita ni mlango wazi: pistoni inagonga ukuta, kompresheni inavuja, oili inapanda kuungua. Fundi ananiambia tufunge hivyohivyo, "ringi zitajikalia zenyewe." Zitakaa wapi?

Muuza spea anasema mali ikiuzwa hairudi, na boksi nimeshalifungua. (Nisingefungua ningejuaje?) Mchongaji kaagizwa foti, kachonga foti, huyo simgusi. Fundi anasema yeye kasoma boksi. Wote wana haki, na mimi nina matundu manne mapana kuliko pistoni nilizolipia. Hela ya ufundi kashachukua nusu, akiulizwa hiyo anakohoa.

Chuma kikishatoka kimetoka. Ama nipate seti ya kweli ya 040, ama bloku ipigwe silivu (bomba la chuma linaloingizwa ndani ya silinda kuipunguza upana) kisha ichongwe kufuata hizi 020. Mfukoni imebaki laki mbili na ushee, na gasketi ya silinda hedi sijanunua.

Anayejua karakana inayopiga silivu vizuri, hapa Tanga au hata Dar, aniambie na bei. Na kama kuna mwenye bloku iliyochongwa 020 na hana pistoni, aje Ngamiani tuongee biashara. Ila aje na maikromita yake.