Friwili ndogo kuliko vumbi, mbona isijizungushe yenyewe?

Fundi Spoku: Wakuu, habari za jioni. Leo nimefungua friwili ya baiskeli ya mteja, gololi nikazimwaga kwenye kopo la mafuta ya taa, nikabaki navitazama vile vijino viwili. Springi nyembamba kama unywele, ila upande mmoja inateleza tik-tik-tik, upande wa pili inauma. Kijana wangu wa kidato cha tano anasema molekuli za hewa zinagonga kila kitu bila kupumzika. Sasa nikitengeneza friwili ndogo ya kusukumwa nazo, nikaifunga vipanga kama vya feni, si itazunguka bure?

Chaki Nyeupe: Mwanafizikia Smoluchowski alishalikanusha hilo mwaka 1912, na mwenzake Feynman akawafundisha wanafunzi wake Marekani miaka ya 1960. Mchawi ni kijino. Ili molekuli ziweze kukiinua, springi lazima iwe laini mno, na ikiwa laini hivyo, joto lilelile linakirusha chenyewe. Kikiwa juu tu, gurudumu linarudi nyuma. Kaza springi, vipanga navyo vinashindwa kukiinua. Halijoto ikiwa moja, mbele na nyuma ni sare. Poza upande wa kijino, hapo itazunguka, lakini hiyo ni injini ya joto, na kupoza si bure.

Fundi Spoku: Aah, hiyo naijua! Springi ikichoka, mteja anakanyaga hewa. Ila dogo anadai mwilini zimo mashine za namna hiyo, na mwili una joto moja. Zinapoza wapi?

Mama Darubini: Hazipozi, kaka, zinalipa. Chukua kinesini, protini inayobeba mizigo ndani ya neva. Ina miguu miwili, hatua moja nanomita 8, na kila hatua inakula molekuli moja ya ATP, yaani mafuta ya seli. Mguu ulionyanyuka hutupwatupwa na joto huku na kule mpaka uguse kituo cha mbele kwenye reli yake, yaani uzi wa protini inaotembea juu yake. ATP ndiyo inayofanya wa nyuma uachie na wa mbele ushike. Kwa hatua 100 kwa sekunde, mzigo wa kutoka uti wa mgongo hadi mguuni, meta 1 hivi, ni safari ya siku 14.

Chaki Nyeupe: Naongezea: si joto tupu. Shingo ya kinesini nayo hujibana na kuelekeza mguu mbele. Kipi kinachangia zaidi, hapo wataalamu wamebishana sana.

Fundi Spoku: Na ATP ikiisha?

Mama Darubini: Inang'ang'ania reli yake palepale. Haiendi mbele, hairudi.

Fundi Spoku: Kutu hiyo.