Acheni kutuambia "diski ni bei chee"! Bloku mnazoshabikia tunazihifadhi sisi

Wakuu, salaam. Mods wakiona uzi huu haujakaa jukwaa lake wauhamishe, ila leo lazima niseme.

Kila mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Bitcoin ukijaa na ada ya miamala ikipaa, hakosi mtu wa kuturushia tangazo la diski ya TB 4 na kikatuni cha kucheka: "Hifadhi siku hizi bei chee, ongezeni saizi ya bloku tupumue." (Bloku ni lile fungu la miamala linaloongezwa kwenye kumbukumbu ya Bitcoin.) Muulize nodi yake iko wapi, yaani kompyuta inayotunza na kukagua bloku zote. Hana! Ana pochi ya kwenye simu, basi, halafu ndiye anayetupangia wengine tununue nini.

Haya, tupige hesabu. Kikomo cha bloku cha MB 1 alikiweka Satoshi, mwanzilishi wa Bitcoin, mwaka 2010. Bloku inatoka kwa wastani wa kila dakika 10, kwa hiyo siku moja ni bloku 144. Kwa MB 1 unapata kama GB 52 kwa mwaka. Peleka MB 8, ni GB 420. Peleka MB 32 wanayoitaka wengine, ni karibu TB 1.7 kila mwaka, na hiyo diski yenu ya TB 4 haimalizi miaka mitatu. Hapo sijagusa historia iliyopo tayari, ambayo imeshapita GB 600.

Na hata hizo GB siyo kinachoniudhi zaidi. Nodi haikai na bloku kama makabati ya masjala. Kila muamala unaoingia, inabidi ikague kama sarafu inayotumiwa ipo kweli na haijatumika, na kwa hilo inatunza orodha ya sarafu zote ambazo bado hazijatumika, ile inayoitwa UTXO. Orodha hiyo inasomwa na kuandikwa muda wote, huku na huku. Mimi nilikuwa na diski ya nje, ile ya kuzunguka, nafasi kibao. Nodi ilipofika bloku za 2023 ikawa kama imekufa: taa inapepesa, diski inakwaruza usiku kucha, asubuhi asilimia ni ileile. Nafasi ilikuwepo, kasi ndiyo haikuwepo. Ikabidi nitafute SSD, diski ya kasi isiyozunguka, na bei ya SSD mnaijua wenyewe. Mbona kwenye matangazo yenu hamuiweki?

Mnakumbuka 2023 kulitokea nini? Ordinals. Watu wakaanza kubandika picha na maandishi ndani ya miamala, na tarehe 1 Februari ikachimbwa bloku moja ya karibu MB 4, sehemu kubwa yake ni picha ya mchawi! Iliwezekana kwa sababu tangu SegWit, mabadiliko ya kanuni za Bitcoin, ianze Agosti 2017, data ya upande wa sahihi (saini) za miamala inahesabiwa robo tu ya uzito wake. Picha inapata punguzo, muamala wa mtu anayetuma hela kwa ndugu yake haupati hivyo. Zikaja na tokeni za BRC-20, zilizojengwa juu ya hizo Ordinals, na vichenji vyake vya satoshi (kipande kidogo kabisa cha Bitcoin) mia tatu, mia tano, ambavyo hakuna atakayehangaika kuvitumia kwa kuwa ada inazidi thamani. Vyote vimekaa kwenye UTXO. Orodha iliyokuwa kama GB 5 mwanzoni mwa 2023 ikavuka GB 10 ndani ya miaka miwili. Afadhali hata hao wanaotupia data kwenye OP_RETURN, sehemu ya muamala ya kuwekea data, angalau ile haiingii kwenye orodha hiyo.

Sasa niambieni nani kalipwa. Mchimbaji, yule anayetengeneza bloku, kachukua ada yake mara moja, na juu yake zawadi ya bloku, ambayo tangu Aprili 2024 ni BTC 3.125. Mwenye nodi kapata sifuri, na ule mzigo anaubeba mwaka huu, mwakani na miaka yote nodi ikiwa hai, pamoja na bando na umeme. Ndiyo maana mchimbaji hana uchungu na saizi.

Kuna wajuaji watakuja na "si upogoe nodi?", yaani ufute bloku za zamani. Nakubali, unaweza kubaki na MB 550 tu za bloku. Lakini ni lazima kwanza ushushe na kukagua historia yote, bando linaenda palepale, na UTXO hupogoi. Halafu tukipogoa wote, nodi mpya itachota wapi bloku za zamani?

Wengine mtasema Bitcoin Cash, sarafu iliyojitenga na Bitcoin, imefika MB 32 tangu Mei 2018 na nodi zake hazilalamiki. Zitalalamikia nini wakati bloku zake nyingi hazifiki hata MB 1? Waliojaza kweli ni BSV, sarafu iliyojitenga na Bitcoin Cash, walipitisha bloku za zaidi ya GB 1 mwaka 2021. Nionyesheni mtu wa kawaida anayeendesha nodi kamili ya BSV sebuleni kwake.

Sikatai kwamba ada inaumiza. Desemba 2017 wastani ulipita dola 50 kwa muamala, huo ni wizi kwa mtu wa kipato chetu. Lakini anayetaka bloku kubwa asije hapa na picha za diski. Aje aseme ile data anayolipia leo mara moja, miaka kumi ijayo gharama ya kuitunza atakuwa analipa nani. Na kama ana nodi, aweke na picha ya skrini tuione imesinki mpaka bloku ya ngapi.